Scott La Rock: Ofisa ustawi wa jamii aliyegeuka DJ, akauawa akiamulia ugomvi

Ukikaa kijiweni na mashabiki wa hip hop ya zamani ukamtaja KRS-One, hutakosa mtu wa kukupa somo la saa nzima. Sasa waulize: nani alimtoa KRS-One kwenye kituo cha watu wasio na makazi akampeleka studio? Hapo wengi wataanza kukuna kichwa.

Jibu ni Scott La Rock. Alikuwa DJ na mtayarishaji, na ndiye mwanzilishi mwenza wa kundi la Boogie Down Productions. Albamu aliyoshiriki akiwa hai ni moja tu. Miezi sita hivi baada ya kutoka, alipigwa risasi Bronx akiwa na miaka 25.

Wengi wanamkumbuka kwa kava la albamu hiyo, ameshika silaha. Ila kazi iliyomlisha ilikuwa ya kukaa na watu wenye shida, kuwasikiliza na kuwaweka sawa. Kazi hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya usiku aliouawa.

Mtoto wa Bronx

Jina lake kamili ni Scott Monroe Sterling, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1962. Alikulia Bronx, kaskazini mwa jiji la New York, akilelewa na mama yake.

Bronx ya miaka ya 1970 haikuwa mahali pa kujivunia. Barabara kuu ya Cross Bronx ilikuwa imepasua mitaa katikati na maelfu ya watu kuhamishwa. Wenye pesa walihama, viwanda vikafungwa, na majengo mengi yakateketea kwa moto, mengine yakichomwa makusudi ili wenye nyumba walipwe bima. Watoto walichezea kwenye vifusi.

Lakini humohumo kwenye vifusi ndimo kulimochipuka kitu. Tarehe 11 Agosti 1973, kijana mwenye asili ya Jamaica, DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye pati ya dada yake katika jengo namba 1520 Sedgwick Avenue. Pati hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip hop. Scott wakati huo alikuwa na miaka 11, akiishi ndani ya jiji hilohilo. Utamaduni huu haukumfikia kwa redio wala kwa magazeti. Aliukuta mtaani na akakua nao.

Shule kwanza, mpira wa kikapu pembeni

Tofauti na picha tuliyozoea ya msanii wa mtaani aliyeacha shule, Scott alisoma. Alipita Our Saviour Lutheran, sekondari ya kanisa hapohapo Bronx, akiwa mzuri darasani na uwanjani.

Kutoka hapo alikwenda Castleton State College, jimbo la Vermont. Ni mji mdogo, baridi kali, milima, na watu weusi wa kuhesabu. Huko alicheza mpira wa kikapu, alipiga muziki, na mwaka 1984 akahitimu.

Fikiria: kijana wa Bronx, mwanzo wa miaka ya 1980, ana shahada mkononi. Angeweza kutafuta kazi ya kola nyeupe akasahau kwao. Yeye alirudi. Alichotaka ni muziki, na muziki wenyewe ulikuwa New York.

Tatizo, muziki ulikuwa haulipi kodi ya nyumba. Akatafuta kazi ya mchana.

Kazi ya mchana, kazi ya usiku

Mwaka 1981, baada ya kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya wanaume waliokuwa wakilala barabarani, jiji la New York lilikubali kwamba kila mwanaume asiye na pa kulala atapewa kitanda. Vitanda havikutosha. Jiji likaanza kutumia majengo makubwa ya zamani ya jeshi, na ukumbi uliojengwa kwa ajili ya gwaride ukageuka bweni la mamia ya watu.

Mojawapo ya majengo hayo lilikuwa Franklin Armory, Bronx. Scott akaajiriwa hapo kushughulikia watu waliolala kituoni. Huku kwetu tungemwita ofisa ustawi wa jamii. Wapo waliofukuzwa kwenye nyumba, wapo waliotoka jela, na kadiri miaka ilivyosonga wakaongezeka walioharibiwa na kreki, ile kokeini ya kuvuta iliyofurika mitaa ya New York katikati ya miaka ya 1980. Wewe kazi yako ni kujua nani anahitaji nini, na kuzima ugomvi kabla haujawa mkubwa.

Jioni alibadilika. Ofisa alibeba santuri zake akaenda kupiga muziki kwenye kumbi za usiku, na huko jina lake lilikuwa Scott La Rock.

Wakazozana, kisha wakawa ndugu

Kati ya waliolala kituoni alikuwepo kijana mmoja msumbufu, Lawrence Parker, mdogo kwa Scott kwa miaka mitatu. Alitoka nyumbani akiwa bado mdogo, akawa analala popote, anashinda maktaba akisoma vitabu, na anachora chata ukutani kwa jina la KRS-One. Kwa kuwa alipenda mambo ya dini ya Hare Krishna, wenzake kituoni walimzoea kwa jina la Krishna.

Kama KRS alivyosimulia mara nyingi baadaye, mara ya kwanza hawakuelewana. Walizozana. Kwake Scott alikuwa mtu wa mfumo tu, bwana wa ofisini mwenye tai, anayewapangia wengine maisha. Kwa Scott, huyu alikuwa kijana mwenye mdomo mrefu.

Kisha KRS akaenda kwenye ukumbi wa muziki, akainua macho kumtazama DJ. Ni yule bwana wa ofisini!

Kuanzia hapo mambo yakabadilika. Mmoja alikuwa na mashine, santuri na watu anaowajua kwenye biashara. Mwingine alikuwa na mistari isiyoisha na sauti ya kuamrisha. Mmoja alikuwa na mshahara, mwingine hana hata kitanda chake mwenyewe. Wakaanza kufanya kazi pamoja.

Jaribio la mwanzo lilitoka chini ya jina la 12:41, kundi ambalo Scott na KRS walikuwemo pamoja na wenzao. Wimbo uliitwa Success Is the Word. Mafanikio yenyewe hayakuja, wimbo ukapita kimyakimya. Wakajipanga upya na jina likawa Boogie Down Productions, kwa kifupi BDP. Boogie Down ni jina la utani la Bronx.

Bifu lililowatoa

Ili uelewe BDP walivyotoka, lazima ujue kilichokuwa kikiendelea Queens, upande mwingine wa New York.

Queens kuna Queensbridge, mradi mkubwa kuliko yote ya nyumba za serikali Marekani. Huko alikuwepo mtayarishaji Marley Marl na kundi lake la Juice Crew, akiwemo MC Shan na binti mdogo machachari, Roxanne Shanté. Nyuma yao alikuwepo mtangazaji Mr. Magic wa redio WBLS. Akikupiga Mr. Magic, umetoka. Akikukataa, shauri yako.

Inasimuliwa kwamba Scott na KRS walimpelekea Mr. Magic kazi yao, akaiponda mbele yao. Wakaondoka na hasira.

Wakati huohuo MC Shan alikuwa na wimbo wa The Bridge, akisimulia historia ya muziki wa mtaani kwake Queensbridge. Mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuwahi kudai hip hop ilizaliwa huko. Ila Bronx walisikia hivyo, na kwa mtu wa Bronx hilo lilikuwa tusi. Yaani tuungue sisi, tuanzishe sisi, halafu sifa achukue mwingine?

Mwaka 1986 BDP wakajibu kwa wimbo South Bronx. KRS alipanga majina, mitaa na viwanja ambako mambo yalianzia, huku biti ikigonga kwa mapigo makavu. DJ Red Alert wa Kiss FM, mpinzani mkubwa wa Mr. Magic, akaupokea na kuupiga. Mji ukagawanyika.

Shan akarudi na Kill That Noise. BDP wakashusha The Bridge Is Over, KRS akichana kwa lafudhi ya dancehall ya Jamaica, chini yake kinanda na ngoma tu. Hadi leo mashabiki wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa nyimbo kali zaidi za bifu kuwahi kurekodiwa.

Angalia kitu kimoja hapa. Bifu lile lilikuwa zito, mtaa dhidi ya mtaa, redio dhidi ya redio. Lakini lilipiganwa kwa santuri na jukwaa. Miaka ya 1990 KRS na Shan walitokea pamoja kwenye tangazo la soda, na mwaka 2007 KRS akatoa albamu nzima na Marley Marl, hasimu wake wa zamani. Hakuna aliyezikwa kwa sababu ya The Bridge Is Over. Kilichomwondoa Scott kilikuwa kitu kidogo zaidi.

Criminal Minded

Tarehe 3 Machi 1987, siku moja baada ya Scott kutimiza miaka 25, albamu ya Criminal Minded ilitoka kupitia B-Boy Records, lebo ndogo ya Bronx.

Sauti yake ilikuwa tofauti na nyingi za wakati ule. Ngoma chache, nafasi kubwa kati ya pigo na pigo, sampo za James Brown zilizokatwakatwa, na ladha ya reggae iliyorudisha hip hop kwa wazazi wake wa Jamaica. Ced-Gee wa kundi la Ultramagnetic MCs alisaidia sana kwenye mitambo. Bajeti haikuwa ya maana, na ukiisikiliza utagundua. Ndiyo maana inapiga vile.

Maneno yake yalikuwa ya mtaani. Kuna wimbo kuhusu bunduki, 9mm Goes Bang, na kuna P Is Free, unaogusa kreki na ilichokuwa ikifanya kwa watu. Scott na KRS hawakuhitaji kwenda mbali kutafuta hadithi hizo. Zilikuwa zimelala kwenye vitanda vya Franklin Armory.

Halafu kuna kava. Wawili hao wamekaa, silaha mikononi, KRS amejivika mkanda wa risasi. Siku hizi picha kama hiyo haimshtui mtu. Mwaka 1987 ilishtua, kwa sababu ni miongoni mwa makava ya kwanza kabisa ya hip hop kuonyesha bunduki waziwazi. Wengi wanaihesabu Criminal Minded kati ya albamu zilizofungua njia ya gangsta rap.

Aliyeshika silaha kwenye picha ile alikuwa msomi wa chuo, aliyekuwa akilipwa kuwatuliza watu. Je, alikuwa anaigiza? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini mtu anayefanya kazi na waathirika wa mtaa kila siku anaujua mtaa kuliko wanaotamba nao. Picha ilionyesha walichokuwa wakikiona. Bahati mbaya ni kwamba baada ya kifo chake, kila anayeiangalia anaona kama utabiri.

Albamu ikawafikisha pazuri. Kwenye ukumbi wa Latin Quarter, Manhattan, BDP walikuwa wanaheshimika. Lebo kubwa zikaanza kuwatazama. Baada ya miaka ya kubeba santuri usiku na mafaili mchana, milango ilikuwa inafunguka.

Usiku wa Agosti

Kwenye BDP alikuwemo kijana mdogo, Derrick Jones, anayejulikana kama D-Nice. Alikuwa na miaka 17 tu, na wenzake walimchukulia kama mdogo wao.

Mwishoni mwa Agosti 1987 D-Nice alivamiwa na kutishwa na vijana wa mtaa. Chanzo kilikuwa msichana: kulikuwa na jamaa aliyeona D-Nice anamwingilia. Ugomvi wa kawaida kabisa, ule ambao kila mtaa duniani unao.

D-Nice akamwambia Scott. Na kweli angemwambia nani mwingine? Scott ndiye alikuwa mkubwa, mtulivu, anayejua kuongea na watu. Kazi yake ilikuwa hiyo.

Scott akaingia kwenye jeep na wenzake, wakaelekea Highbridge Homes, majengo ya serikali kwenye University Avenue, Bronx. Nia, kama walionusurika walivyoeleza, ilikuwa kuzungumza yaishe.

Mtaani tunajua: anayeamulia ugomvi naye huambulia ngumi. Ila huko ngumi zilishapitwa na wakati. Kreki ilikuwa imeleta pesa, pesa ikaleta bunduki, na ugomvi uliokuwa unaisha kwa kuvimba jicho ukawa unaisha makaburini. Wakiwa kwenye gari, risasi zikamiminika. Moja ikampata Scott.

Alikimbizwa hospitali, lakini hakupona. Tarehe ya kifo chake ni 27 Agosti 1987.

Watu wawili walikamatwa na kushtakiwa. Kesi ilipofika mahakamani, wakaachiwa huru. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo cha Scott Sterling.

Hip hop ilikuwa haijazoea misiba ya namna hii. Tupac angeuawa miaka tisa baadaye, Septemba 1996, na Notorious B.I.G. Machi 1997. Jam Master Jay, DJ mwenzake Scott, angeuawa mwaka 2002. Scott yuko mwanzoni kabisa mwa orodha hiyo ndefu.

Aliyoyaacha

Wengi walidhani BDP imekwisha. Kundi lilikuwa nguzo mbili, na moja imeanguka. KRS alikuwa na miaka 22, juzi tu alikuwa hana makazi, na aliyemtoa huko yuko kaburini.

Kulipiza kisasi lingekuwa jambo jepesi. KRS akaenda njia nyingine. Mwaka 1988 albamu ya By All Means Necessary ikatoka kupitia Jive Records. Kwenye kava KRS anachungulia dirishani akiwa na bunduki, akirudia picha maarufu ya Malcolm X. Ndani yake, hata hivyo, kulikuwa na wimbo wa Stop the Violence, na KRS mwenyewe sasa alikuwa anajiita Mwalimu. Jina la Scott La Rock aliendelea kulitaja kwenye nyimbo na majukwaani, mwaka hadi mwaka.

Septemba mwaka huohuo, shabiki mmoja aliuawa kwenye tamasha la hip hop katika ukumbi wa Nassau Coliseum, nje kidogo ya jiji la New York. KRS na mwandishi Nelson George wakawakusanya wasanii chini ya Stop the Violence Movement. Public Enemy, MC Lyte, Heavy D, Doug E. Fresh, Kool Moe Dee na wengine wakaingia studio.

Wimbo uliotoka mwanzoni mwa 1989 uliitwa Self Destruction. Mapato yalikwenda kwa taasisi ya National Urban League. Jarida la Billboard lilipoanzisha chati ya nyimbo za rap mwezi Machi mwaka huo, Self Destruction ndio uliokuwa namba moja wa kwanza.

Na biti ya wimbo huo ilikuwa na mkono wa nani? D-Nice. Yule kijana ambaye Scott alikwenda kumwamulia.

Mwisho unaouona kwenye simu yako

D-Nice hakupotea. Aliendelea na muziki, akawa mpiga picha, kisha akarudi kwenye kazi iliyokuwa ya kaka yake: u-DJ.

Machi 2020, corona ilipofunga dunia, alikaa nyumbani kwake akawasha Instagram akaanza kupiga muziki moja kwa moja. Akaiita Club Quarantine. Watu wakaanza kuingia mia, elfu, mpaka usiku mmoja wakapita laki moja kwa wakati mmoja, akiwemo Michelle Obama. Dunia nzima imejifungia na hofu, na DJ mmoja anaituliza kwa santuri.

Wengi waliocheza usiku ule kwenye simu zao hawakujua kwamba mtu huyo alianza kama dogo wa BDP, na kwamba kuna kaka aliyekwenda Highbridge kumtetea akarudi maiti.

Scott La Rock hakuacha katalogi ndefu: albamu moja na nyimbo chache. Ila kijana asiye na makazi alimwacha akiwa msanii, na dogo wa miaka 17 alimwacha akiwa hai. Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa ustawi wa jamii, hiyo si kazi ndogo.